Kinu cha Ed Mabry: maji kidogo, kazi tatu, na nyumba nyeupe iliyobomolewa

Bibi yangu alikuwa hafungi unga wa moto. Tulikuwa tunatoka mashineni mimi na dada na debe letu kichwani, tukifika nyumbani anaumwaga kwenye mkeka anautandaza kwa mkono kwanza upoe, halafu anachukua kidogo anausugua kwa vidole, ananusa, na kama una harufu ya kuungua basi siku hiyo mwenye mashine atasemwa mpaka jioni. Kuna siku alienda mwenyewe, akasimama pale mlangoni kanga yote imejaa vumbi la unga, akamwambia yule kijana, "Mwanangu, usiyafungulie mahindi yote kwa pamoja, yanaungua." Kijana akamjibu kwa adabu kabisa, "Sawa bibi, lakini si unaona foleni ilivyo." Na foleni ilikuwa ndefu kweli.

Bibi nimemkumbuka kwa sababu ya kinu kimoja cha maji kiko Marekani, jimbo la Virginia, juu kwenye milima ya Blue Ridge karibu na kijiji kinaitwa Meadows of Dan. Watu wanakiita Mabry Mill. Ni kinu kidogo tu cha kijijini, kimejengwa na fundi mmoja na mke wake, lakini ni kati ya sehemu zinazopigwa picha sana kwenye barabara yote ile ya milimani, na picha zake zimeenda mbali mpaka kuna kadi za posta zilizokitumia kama vile kiko jimbo lingine kabisa. Ukikiangalia utaelewa kwa nini: jengo la mbao limekuwa jeusi kwa mvua, gurudumu kubwa la mbao linazunguka polepole, maji yanadondoka, mbele kuna bwawa linaloonyesha kila kitu mara mbili. Nimesoma habari zake kwa muda mrefu na nimefika. Nilichogundua ni kwamba picha inaficha mambo mawili, la kwanza ni jinsi huyu bwana alivyohangaika na maji, la pili ni nyumba yake.

Tuanze na yeye. Edwin Boston Mabry, watu walimwita Ed, amezaliwa 1867, yaani miaka miwili tu baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kuisha kule Marekani, na Virginia ilikuwa imeumizwa na ile vita kuliko karibu jimbo lolote. Ed alikuwa fundi wa aina ile ambayo kila kijiji kinakuwa nayo mmoja, mtu ukimpa mbao anakutolea kiti, ukimpa chuma anakutolea jembe. Akaenda West Virginia kwenye migodi ya makaa ya mawe akafanya kazi ya uhunzi huko, akarudi kwao Floyd County, wilaya ambayo kinu kipo, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 akaanza kujenga.

Sasa angalia alivyopanga kazi, maana hapa ndo akili yake inaonekana. Hakuanza na kinu cha kusaga. Alianza na karakana ya uhunzi na ya kutengeneza magurudumu ya mikokoteni, halafu ikaja mashine ya kupasua mbao, na kufikia 1905 ndo kinu cha kusaga kikawa kinafanya kazi. Kwangu mpangilio huu una maana kubwa, kwa sababu kinu cha maji kina vyuma vingi, kuna shafti, kuna pete za chuma, kuna misumari mikubwa, na kina mbao nyingi zaidi, kwa hiyo mtu akishakuwa na moto wa uhunzi na msumeno wake mwenyewe hana haja ya kumpigia magoti mtu wa mjini kwa kila kipande, anajitengenezea. Kufikia 1910 sehemu ya mbele ya jengo ilikuwa imekamilika na humo ndani alikuwa na mashine ya kukereza vitovu vya magurudumu, mashine ya kutoa mbao zinazopachikana ukingo kwa ukingo, zile za T&G, randa, na msumeno wa kukatia maumbo ya kona kona. Vyote hivyo, pamoja na kupasua magogo na kusaga mahindi, vilikuwa vinaendeshwa na gurudumu moja la maji.

Gurudumu moja, na maji yenyewe hayakutosha.

Hili watu wengi hawalijui. Ukiona mlima na kijito unadhani maji yapo tele, lakini pale kinu kilipo ni mita kama 870 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mgongo wa mlima, na mtu yeyote aliyekulia milimani anajua kwamba mto ukiwa juu ni mchirizi tu, unakuwa mto ukishashuka bondeni na kukusanya wenzake. Ed alikuwa juu. Kwa hiyo kati ya 1905 na 1914 akawa ananunua vipande vya ardhi jirani, kimoja baada ya kingine, na sababu kubwa haikuwa kulima wala kufuga, alikuwa anatafuta maji. Ananunua shamba ili apate haki ya kijito kinachopita humo, halafu anajenga mfereji wa mbao unaoyaleta maji mpaka kwenye gurudumu. Vijito zaidi ya kimoja vikawa vinakusanywa na kuletwa sehemu moja. Ile mifereji ya mbao iliyonyanyuliwa kwenye miguu ya mbao, ambayo watalii wanaiona kama pambo, ilitokana na shida tupu.

Na ndo maana gurudumu lake ni la kumwagiwa maji kwa juu. Tuliangalie hili kidogo maana ni hesabu nzuri. Gurudumu la maji lina namna mbili kuu: kuna lile linalosukumwa na mto kwa chini, mbao zake zinachovya kwenye maji yanayokimbia, na kuna lile ambalo maji yanaletwa kwa mfereji mpaka juu yake yanajaza vibeseni vilivyopangwa kuzunguka ukingo, uzito wa maji ndo unaolivuta upande mmoja kwenda chini. Mhandisi Muingereza John Smeaton alizipima zote mbili kwa mifano midogo na mwaka 1759 akatoa matokeo: lile la chini linapata kama asilimia 22 ya nguvu ya maji, lile la juu linapata kama asilimia 63. Karibu mara tatu kwa maji yale yale. Mwenye mto mkubwa anaweza kuacha nguvu ipotee, mwenye mchirizi hawezi.

Chukua mfano, namba hizi ni zangu za kuelezea tu. Maji lita 30 kwa sekunde yanashuka mita 4, nguvu yote iliyomo ni kama wati 1,176, ukichukua asilimia 63 unabaki na kama wati 740. Hiyo ni HP moja, yaani nguvu ya farasi mmoja. Moja! Mashine za kusaga za kule kwetu mota zake ni HP 15, 20, mpaka 30, na zikiwaka mtaa mzima unajua. Ndo uone mtu anayefanya kazi na nguvu ndogo hivyo anapaswa kuwa na mpangilio gani, leo ni siku ya kupasua mbao basi kusaga kusubiri, kesho kusaga basi randa ilale.

Hapo tunarudi kwa bibi. Kwa sababu maji yalikuwa machache, kinu cha Ed kilisaga polepole, na majirani walikuwa wanasema unga wake ni mzuri kwa sababu hiyo hiyo, hauungui. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza nilisimama nikacheka peke yangu kwa furaha, maana ni yale yale bibi aliyokuwa anagombana nayo mlangoni pale mashineni. Mashine ya nyundo, kama ile ya kule kwetu, inayapiga mahindi kwa spidi kubwa mno mpaka yanapasuka, na joto linatoka humo. Kinu cha mawe kinafanya kazi nyingine kabisa: jiwe la chini limetulia, jiwe la juu linazunguka, yote mawili yamechongwa mifereji inayotoka katikati kwenda ukingoni, mahindi yanaingia kwenye tundu la katikati ya jiwe la juu yanakatwa kidogo kidogo huku yakisukumwa nje, na mpaka yafike ukingoni yameshakuwa unga. Mawe hayagusani, yakigusana yanatoa cheche na unga unaingia mchanga wa jiwe, kwa hiyo msagaji kazi yake kubwa ni ile nafasi kati ya jiwe na jiwe, anaipandisha na kuishusha kwa kiasi kidogo sana, huku mkono mmoja uko pale unga unapotokea anausugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada kujua umefikia wapi. Halafu unga wenyewe ni dona, kiini kimo, na kiini kina mafuta. Mafuta yakipata joto unga hauchukui muda unabadilika ladha. Kwa hiyo spidi ndogo haikuwa suala la ladha tu, ilikuwa suala la unga kukaa.

Mtu anaweza kusema basi umaskini wa maji ulikuwa bahati. Hapana, sikubali. Ed angepata maji mengi angeyachukua siku hiyo hiyo, miaka tisa ya kununua ardhi inaonyesha hivyo. Unga mzuri ulitokea kwa sababu alikuwepo mtu pale kwenye jiwe anayejua kazi, spidi ndogo bila mkono wa kujua inakupa chenga.

Na huo mkono mara nyingi ulikuwa wa mke wake. Anaitwa Lizzie, alikuwa anasimamia kusaga yeye mwenyewe wakati Ed yuko kwenye chuma au kwenye mbao, na mahesabu ya kinu kama hiki yanadai mtu makini. Zamani kule msagaji mara nyingi alikuwa halipwi pesa, alikuwa anakata sehemu ya nafaka uliyoleta, na Virginia tangu enzi za ukoloni sheria iliweka kikomo cha sehemu anayoruhusiwa kukata, ili asiwapunje watu. Yaani serikali iliona kinu ni kitu cha umma hata kama ni cha mtu binafsi. Mwenye kinu aliaminiwa au hakuaminiwa kijiji kizima, hakuna cha katikati. Kinu cha Lizzie na Ed kiliendelea kwa miaka zaidi ya 25 watu wakirudi, mimi hiyo naichukua kama jibu.

Watu walikuwa wanakuja na gunia la mahindi, wengine na gurudumu la mkokoteni lililovunjika, wengine na gogo, wote mahali pamoja. Kule kwetu ningesema ni sawa na mashine ya kusaga, gereji na kiwanda cha mbao viwe kwenye kiwanja kimoja cha mzee mmoja. Unasubiri unga huku jembe lako linagongwa.

Miaka ya 1930 mambo yakageuka. Ed afya ilimwangusha, jengo likaanza kuoza maana mbao zinazolowa kila siku zinataka fundi kila mwaka, na dunia nje ilikuwa inabadilika, injini za mafuta zimeingia, unga wa dukani umeingia, barabara zimefunguka. Ed akafariki 1936.

Mwaka mmoja kabla, 1935, serikali ya Marekani ilikuwa imeanza kujenga barabara ya Blue Ridge Parkway, kilomita kama 755 za kuunganisha hifadhi ya Shenandoah na hifadhi ya Great Smoky Mountains, mradi wa wakati ule wa mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi. Si barabara ya malori, ni ya kutembelea tu, kuangalia milima. Na ikapita pale pale kwa Ed. Mwaka 1938 idara ya hifadhi za taifa ikakichukua kinu, na 1942 wakakifanyia ukarabati mkubwa. Hapa niseme wazi kabisa: bila wao hakuna kinu leo. Sensa ya Marekani ya 1840 ilihesabu vinu vidogo vya kusaga zaidi ya 23,000, leo ukivitafuta utakuta mawe yamezagaa kwenye bustani za watu na mengi hata hayo hakuna. Hiki kimoja kimebaki kimesimama, gurudumu linazunguka. Nawashukuru kwa hilo.

Lakini Ed na Lizzie hawakuishi kwenye kibanda cha magogo. Waliishi kwenye nyumba ya ghorofa moja ya mbao zilizopasuliwa vizuri, imepakwa rangi nyeupe, iko hapo hapo karibu na kinu. Nyumba ya watu waliofanikiwa kwa kazi za mikono yao. Hiyo nyumba ikabomolewa wakati ule ule wa ukarabati, 1942. Halafu miaka ya 1950 wakaleta kibanda cha magogo kutoka upande wa Galax, kimejengwa 1869 na ukoo mwingine kabisa wa Matthews, wakakiweka pale. Mgeni akishuka kwenye gari anaona kinu, anaona kibanda cha magogo, anaunganisha mwenyewe kichwani: aha, msagaji alikuwa anaishi humu.

Kwa nini walifanya vile? Hawakuwa watu wabaya. Wabunifu wa ile barabara, wakiongozwa na Stanley Abbott, walikuwa wanataka msafiri aone milima ya enzi za wale walowezi wa kwanza, na nyumba nyeupe ya ghorofa ilikuwa inaharibu hiyo picha kwa sababu ilikuwa inafanana na nyumba yoyote ya shamba ya Marekani ya wakati ule. Hawakuwa peke yao pia. Kule Cades Cove, bonde moja ndani ya Great Smoky Mountains upande wa Tennessee, nyumba nyingi za mbao za kisasa ziliondolewa na vibanda vya magogo vikaachwa, na leo watu wanapita pale wakiamini kila mtu aliishi hivyo mpaka hifadhi ilipokuja.

Shida yangu na kisa cha Mabry ni kubwa zaidi ya nyumba kubomolewa, maana nyumba zinabomolewa kila siku. Shida ni kwamba kile kibanda kinakipinga kinu chenyewe. Hebu fikiria. Huyu mtu ana mashine ya kupasua mbao inayoendeshwa na maji, ana randa, ana mashine ya kutoa mbao za T&G zinazopachikana bila tundu la upepo, hatua chache tu kutoka hapo. Mtu huyo atalala kwenye nyumba ya magogo yaliyochongwa kwa shoka na kuzibwa udongo kwenye nafasi? Watu waliacha kujenga kwa magogo kwa sababu vinu kama cha kwake vilikuja vikafanya mbao zilizopasuliwa zipatikane milimani. Nyumba nyeupe ilikuwa ndo matokeo ya kinu, ilikuwa inaonyesha ile mifereji yote na ile ardhi yote iliyonunuliwa kipande kwa kipande ilizaa nini. Ukiiondoa, unabaki na gurudumu linalozunguka na hujui lilizunguka kwa ajili ya nini. Unadhani ni mtu wa zamani anayeishi kizamani, wakati Ed ukitazama vizuri alikuwa mtu wa viwanda, kiwanda kidogo lakini kiwanda, mwaka 1910, kijijini.

Ndo maana nasema lile neno "zamani" linalopendwa kwenye mabango ya utalii linaumiza watu wa milimani. Wanaonekana maskini kuliko walivyokuwa na wajinga kuliko walivyokuwa. Siku hizi pale pameongezwa vitu vingine vya maonyesho, mtambo wa kutengeneza sharubati ya mtama, mtambo wa pombe, karakana ya mhunzi, na mkahawa unaouza pankeki, na watu wanafurahi, sina neno na hilo. Mhunzi namuunga mkono kabisa maana Ed alikuwa mhunzi kweli.

Nilipokuwa pale nilikaa kwenye ukingo wa lile bwawa muda mrefu. Ukisogea karibu na mfereji unasikia sauti mbili, maji yanayopita juu na matone yanayovuja kwenye maungio ya mbao, na ile ya matone ndo kubwa. Mbao za mfereji zinavuja siku zote, zikikauka zinapasuka, zikilowa zinavimba zinaziba, kwa hiyo kinu kama hiki hakitaki kusimamishwa muda mrefu, kikikaa bila maji kinaharibika haraka kuliko kikifanya kazi. Nikawaza bibi angekuwa pale angeuliza maswali ya maana kuliko mimi. Angeuliza debe moja wanalisaga kwa muda gani. Angeuliza pumba anachukua nani.

Bibi nyumba yake ya bati aliijenga kwa mahindi. Misimu minne ya kuuza, bati moja moja, matofali ya kuchoma mwenyewe na wajomba, na siku bati ya mwisho ilipopigwa msumari alikaa nje kwenye kigoda anaiangalia mpaka giza likaingia. Akija mtu kesho akasema kijiji hiki ni kizuri, tukihifadhi, lakini hii ya bati tuitoe tulete ya nyasi kutoka kijiji cha pili maana inafanana zaidi na Afrika, mimi nadhani hasira yake tungeisikia mpaka huku tuliko.

Kwa hiyo kama ningeulizwa, sisemi kibanda cha Matthews kiondolewe, kina umri na kina historia yake ya haki. Ningeomba tu msingi wa ile nyumba nyeupe uchorwe chini kwa mawe pale ulipokuwa, upana wake na urefu wake, mlango ulipoangalia, na picha ya zamani ya nyumba iwekwe kwenye kibao kwa urefu ambao hata mtoto anaiona, na chini yake majina mawili, la Ed na la Lizzie, na orodha ya mashine walizokuwa nazo 1910.